Wasifu wa Saveta Buta, Aliyeomba Macho Wazi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa makaburini, na ninyi mnaotufuata kwenye simu zenu mkiwa Torino, Valencia na kwingineko, nawasalimu kwa niaba ya familia. Karatasi mlizopewa langoni zina wasifu wa marehemu wenye aya sita. Aya ya nne ilikuwa ndefu. Wazee wa kanisa walinishauri niifupishe kwa sababu ya nafasi, na sasa imebaki mstari mmoja: "Alihudumu kwa uaminifu katika misheni ya barabarani." Nafasi ya kuweka tangazo la duka la maua ilipatikana. Kwa hiyo mimi Tabita, mdogo wake wa mwisho, nitasoma wasifu wote kama ulivyoandikwa, na anayetaka kufuatisha kwenye karatasi afuatishe mpaka tutakapoachana nayo.

Marehemu Saveta Buta alizaliwa tarehe 14 Februari 1950 katika kijiji cha Soimeni, mkoa wa Arad, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Teodor na Ana Criste. Baba yetu alitunza farasi wa shamba la ushirika, na siku za Jumapili alikuwa mhubiri wa Wapentekoste waliokutana jikoni kwetu, mapazia yakiwa yameshushwa. Kijijini walituita walokole, na wakati ule halikuwa jina la kusifia mtu. Marehemu alipokuwa na umri wa miaka sita, fundi wa kuziba sufuria alipita kijijini akiwa pekupeku, mwezi wa Novemba. Marehemu akaingia ndani, akatoka na viatu vya baba vya Jumapili, akampa. Baba alipogundua alimwita.

"Saveta, umenivua viatu hadharani."

"Wewe huendi mbali, baba," marehemu akamjibu. "Yule anaenda mpaka Lipova."

Jumapili ile baba alihubiri akiwa amevaa mabuti ya zizini. Mama alifungua dirisha na ibada ikaendelea.

Marehemu alisoma Shule ya Soimeni kuanzia mwaka 1957 hadi 1965. Alikuwa hodari wa hesabu na jiografia. Kila Jumatatu mwalimu wa darasa aliwasimamisha watoto wa walokole mbele ya wenzao na kuwauliza jana walikuwa wapi, na darasa zima lilicheka kabla hawajajibu. Dada yetu alisimamishwa hivyo miaka mingi. Aliniambia baadaye kwamba kicheko alikizoea upesi. Kilichomchoma ni kusikia jina lake likitamkwa mbele za watu na mtu ambaye yeye hakumruhusu. Mwaka 1965 alijiunga na shule ya ufundi wa kufuma nguo mjini Arad, akahitimu mwaka 1968.

Septemba mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini humo, akafanya kazi kwenye mitambo ya kufumia hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1999. Mitambo ile ilimharibia masikio. Tangu hapo marehemu hakuweza kunong'ona. Alipoinama kumnong'oneza jirani yake kanisani, mimbari ilisikia, na mara nyingi mimbari haikufurahi. Wako watu hapa waliowahi kujua maoni yake kuhusu mahubiri kabla mahubiri hayajaisha.

Tarehe 16 Septemba 1973 alifunga ndoa na Nicolae Buta, dereva wa lori. Nicolae alikuja kuposa akiwa na lori limejaa matikiti, akaliegesha mbele ya geti letu, funguo akazitia mfukoni. Ibada ilipokwisha, walokole wote wakakwama uani. "Nitaliondoa nikipata jibu," alisema. Marehemu alimwacha angoje mpaka akala tikiti zima, ndipo akakubali. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Beniamin, mwaka 1976. Waliishi kwa mapenzi na kelele hadi Nicolae alipofariki tarehe 3 Machi 2009.

Hapa ndipo tunapoachana na karatasi.

Kiwanda kilipofungwa, marehemu hakujua kukaa bure. Alianza kusafiri na mumewe. Januari mwaka 2000 walikuwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Hungaria, na foleni ya malori siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko kijiji chetu. Mtu akagonga mlango. Nicolae akajifanya amelala. Marehemu akashusha kioo, akamwona msichana mwenye sketi fupi na viatu vya wazi, amesimama kwenye theluji.

"Nisamehe, Shangazi," msichana akasema, akirudi nyuma. "Sikujua kama kuna mke humu."

"Mke yupo na chai ipo. Panda."

"Nipande nifanye nini?"

"Upashe moto miguu, mpumbavu wewe. Imekuwa rangi ya bilinganya!"

Msichana alipanda, akanywa chai, akala mkate na jemu, akashuka na soksi za sufu za Nicolae. Shemeji yangu aliingia Budapest bila soksi, na alinilalamikia habari hiyo mpaka akafa.

Marehemu alileta jambo hili kanisani akiomba misheni. Kanisa likasema litaomba. Likaomba miaka mitatu. Mwaka 2003 wazee waliwawekea mikono watu watatu: marehemu, Ndugu Filimon Bursan, na mimi, ambaye nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na chupa kubwa za chai. Tukaitwa wamishonari. Kila Alhamisi tulikwenda kwenye maegesho ya malori, karibu na mpaka. Ndugu Filimon alivua kofia hata kwenye baridi ya kuua, sisi wanawake tukajifunga vitambaa, tukasimama duara na kuomba kwa sauti, wote kwa pamoja, kama ilivyo desturi yetu. Madereva walipiga honi. Wasichana wa pale walikuwa na lao la kusema.

"Walokole hao! Ficheni sigara!"

"Mwacheni babu aombe. Babu, niombee mteja! Tangu asubuhi sijamwona hata mmoja."

"Hilo siliombi," marehemu alimjibu kwa sauti yake ya kiwandani, katikati ya maombi ya Ndugu Filimon. "Nakuombea akili. Na soksi hizi hapa, vaa."

"Akili ninayo, Bibi Saveta. Soksi ndizo sina."

Aliwafumia soksi majira yote ya baridi, miaka yote hiyo. Walipokuja wageni wa misheni kutoka Timisoara wakauliza ni wangapi wameokoka, marehemu aliwaambia, "Niulizeni wangapi wana soksi, hapo nitawajibu." Wageni walicheka. Yeye hakuwa anatania. Alikuwa amechoka kuulizwa. Aliwajua wasichana wale mmoja mmoja, na wengi aliwaona wakiondoka na kurudi, wakirudi na majeraha, au wasirudi kabisa. Kuna Alhamisi alizoingia garini akapiga dashibodi kwa ngumi akisema, "Bwana, unatusikia au tunajisumbua?" Ndugu Filimon alimkanya asiseme na Mungu hivyo. Marehemu akamwambia Mungu ameshazoea.

Alikanywa pia kwa salamu. Sisi tuliookoka tunasalimiana "Amani!" na kuitikia "Amani ya Bwana!", na watu wa nje tunawaambia habari za asubuhi kama watu wengine. Marehemu aliwasalimu wasichana wa malori "Amani!" mbele ya kila mtu. Wazee wakamwita.

"Dada Saveta, salamu hiyo ni ya watu wa Mungu."

"Basi niambieni wao ni wa nani, niwapelekee salamu zake."

Kesi hiyo haikuisha. Iliombewa.

Mwaka 2013 palikuwa na binti mmoja pale maegeshoni, mwenye miaka ishirini na minne. Jina lake sitalitaja. Kanisa hili limeshalitaja vya kutosha. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyelelewa na bibi yake katika kijiji cha jirani, na bibi huyo aliamini binti yake anafanya kazi ya jikoni mjini. Binti huyu alikunywa chai yetu mwaka mzima bila kusema neno. Kisha Alhamisi moja ya Oktoba akamwambia marehemu, "Bibi, Jumapili nakuja kanisani. Nitakaa benchi la nyuma. Usinipeleke mbele, usinitambulishe. Nataka kukaa tu, nione kama nitaweza kukaa."

Marehemu alilia njia nzima ya kurudi. Miaka kumi ya kusimama kwenye ile barabara, na hatimaye mtu ameomba kiti. Furaha ikamponza. Alimwambia Ndugu Filimon jina la binti, la mama yake na la kijiji chake ili amwombee kwa siri nyumbani, na Ndugu Filimon akaahidi. Marehemu hakujisamehe kwa hilo maisha yake yote, na mimi sikuweza kumtuliza.

Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2013 binti alikuja. Alijifunga kitambaa alichoazimwa na marehemu, akakaa benchi la nyuma, pembeni mwa jiko la kuni. Ukafika wakati wa kusoma vikaratasi vya maombi. Ndugu Filimon alipanda mimbarini. Hakumwona, macho yake ni mabovu, na isitoshe hakujua kama binti angekuja Jumapili ile. Akasoma mbele ya kipaza sauti, huku ibada ikirushwa mtandaoni kama inavyorushwa hii, na huku machozi yanamtoka, na yalikuwa machozi ya kweli: "Tumwombee fulani, binti wa fulani, wa kijiji fulani, anayeuza mwili wake kwenye maegesho ya malori. Bwana amtoe matopeni."

Akataja majina yote matatu.

Kanisa zima likasimama. Mnakumbuka wenyewe. Sijawahi kusikia maombi ya namna ile. Watu mia mbili wamefumba macho, wanalia, wanapiga vifua, wanamwita Mungu amfikie binti huyo popote alipo. Binti huyo alikuwa amekaa nyuma yao. Akainuka, akakivua kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka benchini, akatoka. Mlango ule hulia kama bata, hakuna aliyeusikia. Tuliomba kwa nguvu mno hata hatukumwona akiondoka. Marehemu peke yake ndiye aliyekuwa amefumbua macho. Alimkimbilia mpaka barabarani akiwa na viatu vya Jumapili, akamkuta anapanda gari la kwanza lililosimama. Binti alishusha kioo akasema neno moja tu: "Asante." Marehemu alisema angependa zaidi kama angemtukana.

Jioni ileile bibi wa mtoto alikuwa amepigiwa simu na watu wanne, mmoja wao akiwa Valencia. Asubuhi mtoto aliulizwa shuleni mama yake ana bei gani. Bibi akamfungia binti yake mlango. Binti akatoweka maegeshoni na hakuna aliyejua alikokwenda.

Jumapili iliyofuata marehemu alisimama katikati ya ibada.

"Tuliyafanya haya mimbarini," akasema. "Tuyaombee radhi mimbarini. Kwa kipaza sauti kilekile, na huko mtandaoni wasikie."

"Dada Saveta," Ndugu Filimon akamjibu kwa upole, "mtu haombi radhi kwa sababu amemwombea mwenzake."

"Hukumwombea tu, Filimon. Ulimtangaza."

"Nilimtaja mbele za Bwana!"

"Bwana alikuwa anamjua. Ni Valencia ndiyo haikuwa inamjua."

Wazee wakasema shauri hilo ni zito na wataliombea. Ndugu zangu, wameliombea miaka kumi na mmoja. Mchungaji mmoja ameondoka, mwingine amekuja, paa limebadilishwa, viyoyozi vimewekwa, na shauri la Dada Saveta bado linaombewa. Na juu ya hayo, kila Alhamisi katika kikao cha maombi, wanamwombea binti yuleyule arudi. Wanamwita "dada yetu aliyepotea". Wamemlilia kwa uaminifu ambao sijawahi kuuona kwa jambo lingine lolote. Niwaambie ukweli, uaminifu huo ndio unaonikera kuliko yote. Mtu akikanyaga mguu wa mwenzake hupiga magoti kumwombea uponyaji? Si anauondoa mguu wake kwanza?

Tangu siku ile marehemu hakufumba macho tena akiomba. Alisimama katikati ya watu waliofumba na kuangalia mlango. Hilo nalo alikanywa. Walisema linaondoa utulivu wa ibada. Akawaambia, "Ninyi ongeeni na Mungu. Mimi nawaangalia wanaotoka."

Wengi walidhani atahama kanisa. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Dada, hama! Makanisa yamejaa Arad, utachoka kuchagua." Akaniambia kosa lilitendeka hapa, na litaombewa radhi hapa, na mtu akihama nani atabaki kuwakumbusha? Alibaki, na kila mwaka, Jumapili ya pili ya Oktoba, alisimama na kuuliza: "Wazee, Mungu amewajibu?" Watoto wa shule ya Jumapili walianza kulingojea swali hilo kama wanavyongojea keki za Krismasi.

Hakumwacha binti. Alimtafuta maegesho kwa maegesho, kutoka Arad mpaka Deva na mpaka Calafat, bila kuona haya, akiwauliza madereva na wasichana. Mwaka 2017 mmoja wa wasichana wa zamani wa soksi alimletea namba ya simu ya Italia. Binti alikuwa Treviso, akitunza wazee wawili waliopoteza kumbukumbu. Barabarani alikuwa ametoka zamani, kwa miguu yake mwenyewe. Marehemu alipompigia, binti aliuliza kwanza kama simu iko kwenye kipaza sauti. Kisha wakaongea mpaka supu ikaungua jikoni, nami nikaila. Mwaka uliofuata marehemu alimwendea yule bibi kijijini, akakaa mlangoni siku nzima mpaka akafunguliwa, akapata karatasi za mwanasheria, akampandisha mtoto basi na kumfikisha Treviso mkononi mwa mama yake. Haya hakuyatangaza kanisani. Walipomwombea dada aliyepotea, yeye alisema "Amina" kwa sauti kubwa akaendelea kuangalia mlango.

Juni mwaka huu marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo. Madaktari waligundua saratani ya kongosho, ikiwa imekwenda mbali. Alikataa kulazwa. "Hospitalini mtu hulala na watu asiowachagua," alisema. Wanawake saba walipokezana kumuuguza nyumbani kwake. Nawaomba mlisikie hili vizuri. Baadhi yao ni wa kanisa hili, wengine wa makanisa mengine, wengine hawana kanisa. Wengine wanatoka mjini, wengine walikuja kutoka nje ya nchi. Na mmoja wao ni binti niliyewasimulia. Aliomba likizo kazini mara tu aliposikia, akaja kwa basi, akamwosha marehemu, akamlisha, akamkata kucha, akakaa naye.

Nilimuuliza kama ninaweza kusema haya leo. Akasema, "Sema, Shangazi Tabita. Lakini usininyooshee kidole." Simnyooshei.

Wiki tatu zilizopita wazee walikuja kumtembelea marehemu, Ndugu Filimon akiwa mbele na fimbo yake. Wanne kati ya wale saba walikuwa chumbani, na yule binti akiwa mmojawapo. Ndugu Filimon aliwasalimu wote wanne "Amani, dada!" na wote wakaitikia "Amani ya Bwana!" Akafurahi sana. Akawauliza ni wa makanisa gani, kila mmoja akajibu alivyojua kujibu. Akamwambia mmoja wao, sisemi yupi, "Dada, huduma yako inanigusa. Ungekuwa wa kanisa letu ungekuwa mfano kwa mabinti zetu."

Kisha akasema, "Dada Saveta, najua mzigo wako. Hatutaondoka bila kumwombea aliyepotea."

Wakapiga magoti, wazee watano, magoti yao yakilia kama kuni mbichi motoni. Wakafumba macho. Ndugu Filimon akalia machozi. Akamwomba Bwana amfikie binti huyo kwenye giza la mbali, amlete nyumbani, amfungue, amwoshe. Na binti huyo amesimama hatua mbili kutoka mgongoni pake, ameshika mkono wa mgonjwa au beseni au mto, mtajaza wenyewe. Marehemu alimtazama. Yeye akamtazama marehemu. Ndipo dada yangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akacheka huku akisema "Aii, Bwana wangu!", akashindwa kupumua, ikabidi tumwinue. Wazee wakafumbua macho wakasema ni furaha ya Roho, wakamsifu Mungu, wakanywa chai wakaondoka.

Mlango ulipofungwa marehemu aliacha kucheka. Akalia. Alilia kwa hasira, maana nguvu za kupiga kitu ngumi hakuwa nazo tena. "Tabita," akasema, "wamemwombea miaka kumi na mmoja na hawajui hata sura yake. Nitakufa hawajamwambia neno lile. Neno moja tu! Ni gumu kiasi gani?"

Nikamwambia nitawaambia wazee yupo, wamwombe radhi mara moja, tumalize.

"Hapana. Wakimjua watampeleka mbele. Watamfanya ushuhuda. Watamshikisha kipaza sauti."

Alikuwa anawajua watu wake. Akafikiri siku mbili, kisha akanipa agizo, nitalisoma mwishoni.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Soimeni, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Mimi na mmoja wa wale saba tulikuwepo. Alikuwa ameuliza kama nje kuna baridi, tukamjibu kuna umande tu.

Ameacha mwana, Beniamin, mkwe wake Estera na wajukuu wawili, waliosafiri kutoka Valencia. Ameacha mdogo mmoja, ambaye ni mimi, mwenye chupa tatu za chai na hasira nisizojua nizipeleke wapi. Ameacha wasichana wengi wenye soksi, wengine wako kule nje ya ukuta wa makaburi kwa sababu hawakuwa na uhakika kama wanaruhusiwa kuingia. Wanaruhusiwa. Mtu aliye karibu na geti alifungue. Na ameacha wanawake saba waliomuuguza, ambao aliwaita binti zake.

Agizo lake ni hili. Baada ya maziko tutakula katika ukumbi wa kanisa: supu ya kuku yenye tambi, majani ya kabichi yaliyokunjiwa nyama na mchele, na mkate wa jozi. Chakula kitagawiwa na wale saba. Kila mmoja wenu atapita mbele yao wote, na kila mmoja wao atawapa kitu: huyu sahani, huyu supu, huyu mkate. Mnapopokea, kabla ya kusema amani na kabla ya kusema asante, mwambieni kila mmoja: "Dada, nisamehe." Semeni kwa sauti ya kawaida, bila machozi na bila maombi. Sita kati yao watashangaa kidogo na halitawapunguzia kitu. Wa saba amelingoja tangu tarehe 13 Oktoba 2013, na amesema akilisikia ataondoka kwa basi la Alhamisi kama alivyokuja, bila kipaza sauti.

Ndugu Filimon, nakuona benchi la mbele, na najua magoti yako hayakuruhusu kusimama kwenye foleni. Tukifika ukumbini wewe kaa tu. Watakujia wote saba ulipo, mmoja baada ya mwingine.

Bwana ampe Saveta utulivu ambao yeye hakutupa sisi hata siku moja.